Jicho la Kushoto la Kiungo

Nyumba ya Wachezaji,
Ghorofa ya tatu, chumba namba 11,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.

Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, umeketi kwenye kile kiti chako chenye mguu uliofungwa waya, na mgongo haukusumbui sana. Umeacha kuinama juu ya cherehani kutwa nzima kama nilivyokuomba? Najua hujaacha. Wewe ukiambiwa pumzika, unapumzisha mguu mmoja na kukanyaga kwa mwingine. Na mama je, presha imetulia? Dada bado anagombana na mwenye nyumba kuhusu lile bomba? Nimewakumbuka nyote kuliko ninavyoweza kuandika.

Mimi ni mzima, ikiwa mzima ni mtu anayekula, anayelala na anayeitika akiitwa. Miguu yangu haina tatizo lolote. Naitaja miguu kwa sababu ndiyo unayoiulizia kila tunapozungumza, hata kabla hujauliza kama nimekula.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu zipo. Anayekuletea ni yule muuguzi niliyekueleza, wa hospitali ya mji huu, anakuja likizo Jumanne. Sikupiga simu kwa sababu wewe simu huiweki sikioni. Unailaza juu ya meza ya kukatia nguo, sauti imefunguliwa yote, mama yuko pale, na mafundi wako wawili wanasikiliza kama taarifa ya habari. Jambo hili sitaki walisikie wote kwa mpigo. Lisome peke yako, kisha umfikishie mama kwa namna utakayoona inafaa. Funga mlango kwanza, Mjomba.

Sitacheza mechi ya timu ya taifa ya tarehe 22. Sitacheza hiyo wala nyingine yoyote. Jicho langu la kushoto limekufa.

Nianze mbali kidogo, maana hutaelewa nilivyoweza kuficha usipokumbuka ulichonifundisha. Watoto wa mitaa mingine walifundishwa chenga. Wewe ulikuwa unafunga duka jioni, unakuja uwanja wa shule na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, unasimama nyuma yangu na kuinua vidole. Mtu ananipigia pasi, na kabla mpira haujanifikia sharti niwe nimegeuka, nimeona, nimetaja idadi ya vidole. Nikikosea, nauzunguka uwanja. Niliuzunguka mpaka mlinzi wa shule akaniuliza kama na mimi nimeajiriwa kuulinda.

Hapo ndipo nilipopata jina la Feni, kwa kuwa kichwa changu hakitulii upande mmoja. Jina likanifuata daraja la pili, likanifuata klabu kubwa, na katika misimu mitano niliyocheza huko nyumbani sikumbuki kunyang'anywa mpira na mtu aliyetokea nyuma. Mbio sikuwa nazo, unajua mwenyewe. Mama alikuwa ananikamata kwa hatua nne. Nilichokuwa nacho ni kuona. Kiungo ni mtu wa kuona, mengine yote anaweza kuazima kwa wenzake.

Huku nje mambo hayakuwa kama picha nilizowatumia. Katika ile nchi ya kwanza nilikaa misimu miwili na nilianza mechi tisa tu. Zile picha nacheka nimevaa jezi zilikuwa za mazoezini, na nilikuwa nacheka kwa sababu mpiga picha alisema tucheke. Nilipohamia hapa nikakaa benchi miezi minane mingine. Nilikuwa nawaambia kocha ananitunza kwa mechi kubwa. Ukweli ni kwamba alikuwa hakumbuki jina langu, alikuwa ananiita kwa namba ya mgongoni.

Mwezi wa tisa mwaka jana kiungo wao alivunjika kifundo cha mguu, nami nikaingizwa kikosi cha kwanza. Mechi ya nne tu, niliruka kupiga kichwa na beki mmoja, kiwiko chake kikaniingia jichoni. Jicho likavimba, likapona kwa nje. Baada ya wiki nikaanza kuona nzi weusi wanaelea mbele yangu, nikawa nawapunga kwa mkono kama mwendawazimu. Kisha vimulimuli nikigeuka haraka. Kisha kivuli pembeni, kama pazia lililoanza kufungwa.

Ungekuwa wewe ungekwenda kwa daktari siku ileile, au pengine usingekwenda. Nilijua kitu kimoja: mchezaji anayekwenda kwa daktari hurudi akakuta jezi yake ina mtu ndani. Nilikuwa nimeingojea nafasi ile karibu miaka mitatu. Mkataba ulikuwa unakwisha mwezi wa sita. Nikasema moyoni, nitakwenda baada ya mechi moja, kisha baada ya mechi nyingine, hadi pazia likafungwa lote.

Sasa sikiliza uchawi ulionifundisha. Jicho lilipokuwa linazimika, nikaongeza kugeuza shingo. Nilipokuwa nageuka mara moja, nikageuka mara tatu. Nikamwomba kocha anisogeze upande wa kushoto wa kati, nikamwambia napenda kucheza karibu na mstari. Huko, jicho langu bovu lilikuwa linautazama mstari na mashabiki, na uwanja mzima ulikuwa upande wa jicho zima. Kocha akasema nimekomaa. Gazeti la hapa likaandika kwamba hajaonekana kiungo anayeangalia mara nyingi kama mimi. Mechi zile ndizo kocha wa timu ya taifa alizoziona.

Chumba hiki nakaa na beki wetu wa kushoto, kijana wa nchi ya mbali na kwetu, mrefu, mkorofi, anakoroma hadi madirisha yanaitika. Namwita Beki tu, na yeye peke yake ndiye niliyemwambia. Nilimfundisha maneno mawili ya kwetu, ili wapinzani wasielewe. Akiniona nafuatwa kutoka kushoto anapiga kelele “Mtu!” Nikiwa sina anayenifuata, “Huru!” Anayatamka vibaya, lakini kwa miezi mitatu nilicheza kwa jicho langu moja na mdomo wake.

Mwezi wa kwanza walitupima afya. Ubao wa herufi ulitundikwa ukutani kwenye korido, nami nikiwa kwenye foleni nikazikariri zote kwa jicho zima. Daktari wa timu aliponiziba la kulia, nilizisoma kama mashairi. Herufi moja ya mstari wa chini niliikosea kwa makusudi, nisionekane mjanja mno. Nilitoka pale nikijipongeza. Mjomba, katika mambo yote niliyowahi kuyafanya kwa akili, hilo ndilo la kijinga kuliko yote.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo tulicheza mechi ya kombe na timu kubwa. Uwanja ulijaa, na sikuwahi kufikiria jambo dogo kama hilo: watu wakiwa wengi, kelele nazo huwa nyingi. Beki alipasuka koo kwa kuniita, sikumsikia hata mara moja. Nilinyang'anywa mpira, wakafunga. Nikanyang'anywa tena, wakagonga mwamba. Mara ya tatu niligeuka kushoto kwa nguvu nikamkumba refa, tukaanguka wote wawili, filimbi yake ikaruka. Uwanja mzima ulicheka. Hata mimi ningecheka, ningekuwa jukwaani.

Daktari wa timu hakucheka. Kipindi cha mapumziko alinivuta bafuni, akaniziba jicho la kulia kwa kiganja, akainua mkono wa pili. “Vingapi?” akaniuliza. Sikuona mkono, seuze vidole. Nilijaribu kubahatisha, nikasema vitatu. Akaniambia hakuwa ameinua kidole hata kimoja, alikuwa amekunja ngumi.

Nikapasuliwa siku tano baadaye. Nililala kifudifudi siku kumi, uso umetazama sakafu, na Beki alikuwa ananiwekea chakula chini ya kitanda kama analisha paka. Haikusaidia. Daktari wa macho ni mama mmoja mpole wa umri wa mama yetu. Alinieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha, ulichanika siku ile ya kiwiko, na kwamba ningekwenda wiki ya kwanza angeurudisha mahali pake na ningekuwa nacheza hadi leo. Hakunilaumu. Aliuliza tu, “Ulikuwa unangoja nini?”

Kisha akalipima jicho la kulia, akakuta nalo utando wake ni mwembamba mahali pamoja. Ameuzuia kwa mwale wa leza usichanike, lakini amesema nisipige tena mpira kwa kichwa, nisigongane na mtu, nisianguke. Niliuliza kama naweza kucheza kwa uangalifu. Alinitazama kama ninavyokutazama wewe unaposema utapumzika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimeniumbua kikiwa kimechukua kipande tu, na bado kinakiangalia kipande cha pili.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia aibu kuliko hilo. Klabu ilitangaza kwamba nina maumivu ya misuli, ndiyo maana hamkujua. Jumatatu iliyopita meneja wa timu ya taifa alinipigia simu. Alisema kiungo wao ana kadi na hataruhusiwa kucheza, kwamba kocha ananitaka mimi, na akauliza kama misuli imepona. Nikamjibu imepona. Hata haikuwa uongo, misuli haikuwahi kuumwa. Akauliza, basi utakuja? Nikasema nitakuja.

Usiniulize kwa nini. Unajua kwa nini. Toka nina miaka tisa umekuwa ukinishonea bukta za rangi za timu ya taifa kutokana na vitambaa vilivyobaki. Nilijiambia ni mechi moja tu, dakika tisini, herufi za ubaoni nitazikariri tena. Jumatano orodha ikasomwa redioni. Alhamisi mama alinipigia analia na kucheka, majirani nyuma yake wanapiga vigelegele, na wewe ukaichukua simu ukasema, “Feni, sasa hata nikifa leo, nife.” Sijawahi kukusikia ukilia, Mjomba. Nikakata simu nikasingizia mtandao.

Beki alisikia yote akiwa kitandani kwake. Ijumaa asubuhi, anafunga kamba za viatu, akaniuliza bila kuinua kichwa, “Na huko kwenu nani atakuambia ‘Mtu!’?” Nikamwambia watu elfu arobaini wa kwetu wote wanajua neno hilo. Akasema, “Ndiyo. Na watalisema wote pamoja.” Akaenda zake mazoezini.

Nilikaa chumbani hadi mchana. Nikajimiminia maji, nikamwaga yote kando ya glasi. Ndivyo ninavyomimina siku hizi. Jicho moja halijui glasi iko umbali gani. Ngazi za jengo hili nazishuka nimeshika ukuta kama mzee, na mtu akinipa mkono nashika hewa. Nikaitazama ile meza iliyolowa nikajiona uwanjani mbele yako, winga anakuja kutoka kushoto na mimi nimegeukia kulia natafuta pasi. Jana nikampigia meneja nikamwambia ukweli wote.

Aliuliza kama siwezi kuja hata kukaa benchi, niingie dakika tano za mwisho, kwa kuwa tiketi zimeshauzwa na jina langu limewekwa kwenye mabango. Nikasema siwezi. Akanitakia afya njema kwa sauti ya mtu anayetafuta kalamu. Jina jipya litasomwa redioni Ijumaa hii, tarehe 14, na watasema nimejitoa kwa sababu za kiafya. Mtaani wataliita jambo hilo kwa jina lingine. Watasema nimeringa.

Ndiyo maana nakuomba, kabla ya Ijumaa, mama awe amejua. Asilisikie redioni akiwa na majirani. Usimwambie saa za jioni, maana hatalala. Na usianze na habari ya kujitoa, anza na jicho, halafu mwache alie kwanza. Akisema ni uongo, mwonyeshe barua hii, isipokuwa ukurasa wa jicho la kulia. Huo uuchane. Hilo moja tulibebe wawili.

Najua umeshaanza kutafuta maneno ya kunijibu, kwa hiyo ngoja nikupunguzie kazi. Usiniambie nitakuwa kocha. Kocha wa daraja la chini asiyejua mpira umetoka au haujatoka, watoto watamgeuza kichekesho. Usiniambie baada ya dhiki faraja. Bango hilo liko ukutani kwa kila kinyozi, na sijawahi kumwona kinyozi aliyefarijika. Wala usiniambie nitashona nawe. Nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano wiki iliyopita, nirudishe kifungo cha shati. Nilitumia saa nzima, na sindano bado iko pale mezani na uzi wake uko pembeni. Nina miaka ishirini na saba na sijui kazi nyingine. Kila nikifikiria asubuhi ya tarehe 23 sioni kitu, na hilo halihusiani na jicho.

Kuna neno moja nilitaka kuliacha, lakini likibaki litaniumiza zaidi. Ulikuwa unatuambia, “Ukiumia, simama kwanza, utaumia baadaye. Adui asijue panapokuuma.” Nililishika neno hilo kuliko maombi. Sikulaumu, Mjomba, nakuapia. Lilikuwa neno zuri kwa adui. Mimi nililitumia kwa daktari. Kosa ni langu, nami nimelilipia mwenyewe. Nakuandikia tu kwa sababu bado unawafundisha watoto wa mtaa, na nakuomba uwaongezee sentensi moja, unayoijua wewe.

Nisalimie mama, umbusu kichwani kwa niaba yangu hata kama atakusukuma. Nisalimie dada, mwambie kwamba bomba litatengenezwa siku mwenye nyumba mwenyewe atakapohamia chumba cha dada. Wasalimie mafundi wako wawili, na mlinzi wa shule kama bado yupo. Beki anawasalimu, alitaka niandike maneno yake mawili ya kwetu, nimemkatalia.

Klabu imeshavunja mkataba na kunipa tiketi. Nitafika Alhamisi ya tarehe 20, saa nne asubuhi. Nilitaka kuwaomba msije uwanja wa ndege, lakini namjua mama, atakuja hata kwa miguu. Basi mje wawili tu. Abiria wakianza kutoka, msimame upande wangu wa kulia, na umshike mama mkono asikimbilie upande mwingine. Akinijia kutoka kushoto nitampita. Nitampita karibu kabisa, nikiangalia mbele, huku nikimtafuta yeye, na atadhani nchi za watu zimenipa kiburi hadi simtambui mama yangu.

Mungu awape afya na mikono yenye nguvu, na akulindie macho yako yote mawili.

Mpwa wako, anayekupenda kuliko mpira,

Feni